"Mimi Nililipa Nusu Yangu": Dhana Potofu za Wanaoishi Nyumba Moja

Huyu alikuwa wa tatu mwezi huu kuniletea shida ya kodi ya nyumba. Binti mdogo, ana kazi yake dukani mjini, anaishi na wenzake wawili Kiamunyi kwenye nyumba ya vyumba viwili, kodi 15,000. Kabla hajaketi vizuri alinisogezea simu nisome ujumbe wa M-Pesa.

"Mama, hebu ona mwenyewe. Mwezi uliopita 5,000, mwezi huu 5,000. Mimi sina deni. Mbona keyateka anasema nilipe tena au nitoke?"

Nikasoma. Pesa zilitumwa kweli, ila hazikwenda kwa mwenye nyumba. Zilikwenda kwa rumeti wake, ambaye ndiye mwenye jina kwenye mkataba, na huyo hajapeleka hata shilingi kwa miezi miwili. Sasa amehama na simu amezima.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Nakuru, na wengi wanaonijia ni wapangaji. Neno ninalolisikia kuliko yote ni hilo: mimi nililipa nusu yangu, hata wakiwa watatu. Wanalisema wafanyakazi wa mtaa wa Free Area, wanalisema wanafunzi wa Egerton kule Njoro, na wote wanalisema kwa uhakika uleule. Nimelieleza mdomoni mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

Mwenye nyumba hakuwakodishia nusu. Amekodisha nyumba moja, kwa kodi moja. Hiyo 5,000 ya kila mtu ni mapatano yenu, mliyoyafanya jikoni, naye hakuwapo.

Kama mlitia sahihi wote watatu kwenye mkataba mmoja, basi kila mmoja wenu anadaiwa kodi nzima, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Si theluthi, ni 15,000 yote. Mwenye nyumba anaweza kumfuata yeyote kati yenu, na atamfuata anayepatikana, yaani yule mwenye kazi inayojulikana na anayepokea simu. Ukilipa sehemu ya mwenzako unayo haki ya kumdai, lakini hilo ni deni lenu wawili na mwenye nyumba halimhusu.

Kama aliyetia sahihi ni mmoja na wengine mkaingia baadaye na magodoro yenu, mpangaji ni yeye peke yake. Ninyi mmekaribishwa tu. Nikifika hapa watu hushusha pumzi, kwamba basi deni si langu. Ni kweli, hudaiwi. Lakini pia huna unachoshikilia. Mpangaji akiondolewa, nafasi yako humo imekwisha pamoja na yake. Dipoziti uliyochangia inajulikana kwa jina lake, na atakayerudishiwa ni yeye. Dalali akija kukamata vitu kwa sababu ya kodi, haanzi kwa kuuliza televisheni ilinunuliwa na nani. Ni wewe utakayehangaika kuthibitisha kuwa ni yako, na risiti uliitupa siku ileile.

Yule binti wa Kiamunyi alikuwa katika hali hii ya pili. Alikopa, akalipa tena 10,000 ili apate muda wa kutafuta pengine. Tukaanza kutafuta ushahidi dhidi ya yule aliyehama, na hapo ndipo tatizo lingine likajitokeza. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Sababu ya kutuma hauionyeshi. Mwenzake anaweza kusimama aseme zile zilikuwa za unga na mafuta, au za deni la nywele. Tulipanda kwenye WhatsApp yao, ujumbe juu ya ujumbe, hadi tukafika penye maneno haya: "Nimetuma ya nyumba," na jibu lake, "Nimeona, kesho napeleka." Nikamwambia asifute chochote na asibadilishe simu.

Kwa hiyo nawasihi, sehemu yako ilipe mwenyewe kwa mwenye nyumba, kwa namba yake ya malipo, na kwenye nafasi ya akaunti uandike namba ya nyumba. Ikiwa mwenye nyumba anataka malipo yafike mara moja kutoka kwa mtu mmoja, basi andikianeni. Nusu ukurasa unatosha: nani analipa kiasi gani, kabla ya tarehe ngapi, nani alichanga ngapi kwenye dipoziti, na anayetaka kuhama awape wenzake notisi ya muda gani. Kila mtu atie sahihi na kila mtu abaki na nakala. Najua mtakachosema, kwamba kuandikiana na rafiki ni kuonyesha humwamini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwatoa marafiki kwenye hesabu hiyo. Urafiki niliouona ukivunjika mbele ya meza yangu ulivunjwa na kodi ambayo haikuandikwa popote.

Dhana nyingine ni kwamba ukichoka nao unafunganya tu na kuhama. Kama jina lako liko kwenye mkataba, kuhama hakusimamishi kodi. Kinachoisimamisha ni notisi. Mkataba ukiwa kimya, na kodi inalipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishie siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo ukitaka kutoka Juni inapokwisha, isisubiri tarehe 10 Juni. Iwe imemfikia mwenye nyumba kabla Juni haijaanza. Iandike kwenye karatasi, na keyateka atie sahihi kwenye nakala yako.

"Dipoziti nitaikalia mwezi wa mwisho." Hapana. Dipoziti ni ya madeni na uharibifu, na kuikalia bila mwenye nyumba kukubali ni kudaiwa kodi ya mwezi huo. Wanaoishi wengi wana tatizo la ziada, kwa sababu mwenye nyumba hurudisha dipoziti nyumba ikishaachwa, na nyumba haijaachwa wenzako wakiwamo. Sehemu yako idai kwa anayechukua nafasi yako, kabla hujamkabidhi ufunguo.

Wapo pia wanaoamini kwamba bila mkataba wa karatasi hawana haki yoyote. Upangaji wa muda usiozidi miaka miwili unaweza kuwa wa mdomo na sheria ikautambua. Kukupigia kufuli mlangoni au kuung'oa mlango si haki ya mwenye nyumba, hata ukidaiwa. Akitaka kukutoa aende kortini, akitaka kukamata vitu atumie dalali mwenye leseni. Ila msikimbilie baraza la kodi za nyumba kabla hamjaangalia kiasi mnacholipa: sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na bedsita nyingi za mji huu zimeshaupita mpaka huo.

Mwisho ni hili la stima. Watu hudhani kukaa wengi kunapunguza gharama ya kila kitu. Kodi ndiyo, hupungua. Lakini Kenya Power huweka wateja wa nyumbani kwenye madaraja kwa kuangalia matumizi yao ya miezi iliyopita: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaopita 100. Kila daraja na bei yake ya yuniti, na ya juu ndiyo ghali. Watu wanne kwenye mita moja, kila mmoja na pasi yake na birika lake, wanajipandisha daraja kisha wanagombana nani amemaliza tokeni. Mtu mmoja anayepikia gesi anaweza kukaa daraja la chini mwaka mzima. Kwa hiyo unapoangalia bedsita ya kukaa peke yako, uliza kama mita ni yako peke yako au ni mita ndogo iliyo chini ya ile ya ploti. Na usiende na kodi ya mwezi mmoja ukadhani imetosha. Bedsita ya 6,000 inakutaka 12,000 kodi na dipoziti zikijumlishwa, na mara nyingi kuna dipoziti ya maji na stima, na gari la kubebea vitu.

Yule binti ameona bedsita moja Free Area. Madai yake ya 10,000 tunayapeleka Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru. Inasikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi, na anaweza kujisimamia bila wakili. Mkataba wa Free Area nimemwambia aulete niusome kabla hajatia sahihi.