Tarehe 30 Februari ilishawahi kuwepo, na vituko vingine vya kalenda

Kazi yangu ni kuandika programu za mishahara, na ukiniuliza kitu gani kinatutoa jasho kuliko vyote nitakwambia sio kodi wala makato ya mifuko ya jamii, ni tarehe. Mtu anaona tarehe ni namba tu ya ukutani imetulia zake pale. Shida inaanzia juu huko, dunia inamaliza kulizunguka jua kwa siku 365.2422, na hiyo 0.2422 ndo mama wa vituko vyote ninavyotaka kuwasimulia leo.

Tuanze na Zune. Kwa wadogo zangu ambao hamkuikuta, hii ilikuwa mashine ya Microsoft ya kusikilizia muziki, ilikuja kupambana na iPod ikapigwa vibaya sana. Sasa tarehe 31 Desemba 2008 Zune za GB 30 zikastaki zote kwa pamoja, watu wamejiandaa na nyimbo zao za mkesha, wanawasha, inakuja logo, basi, imeishia hapo. Hakuna kirusi wala hakuna aliyehaki chochote. Ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha programu ya saa, kazi yake ni kugeuza idadi ya siku iwe mwaka. Kinajiuliza hivi: siku zimezidi 365? Kama zimezidi, mwaka huu ni mrefu, yaani wenye siku 366? Kama ni mrefu, siku zimezidi 366? Zikizidi, toa 366 uende mwaka unaofuata. Sasa 2008 ulikuwa mwaka mrefu na 31 Desemba yake ni siku ya 366 kamili. Haya, imezidi 365? Ndio, ingia ndani. Mwaka mrefu? Ndio. Imezidi 366? Hapana. Basi hakifanyi kitu, kinarudi juu kuuliza tena imezidi 365, ndio, ingia ndani... na kinazunguka hivyo hivyo mpaka betri ife. Na ushauri wa Microsoft kwa wateja ulikuwa ndo huo, acheni betri iishe, subirini mpaka saa sita mchana za Greenwich tarehe 1 Januari, halafu muiwashe. Yaani dawa ni kusubiri mwaka uishe! Mimi kila nikimfundisha kijana mpya kazi namwonyesha hii mistari kwanza, kwa sababu ukiisoma haraka haraka utaapa iko sawa.

Excel nayo ina kichekesho chake mpaka leo. Yenyewe tarehe inaihesabu kwa siku kuanzia 1 Januari 1900, kwa hiyo kama unatumia ile ya Windows andika 60 kwenye seli halafu ibadili iwe tarehe, itakuletea 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwepo kabisa duniani. Kosa lilianzia kwenye Lotus 1-2-3, programu iliyokuwa inatamba kabla yake, na Excel ilipokuja ikalichukua makusudi ili mafaili ya watu waliotoka Lotus yasivurugike. Kulirekebisha sasa hivi itabidi tarehe za mafaili ya dunia nzima zisogee siku moja, kwa hiyo wameliacha, na mimi ningeliacha pia.

Kwa nini 1900 haukuwa mwaka mrefu wakati unagawanyika kwa 4? Hapo ndo anaingia Papa Gregori wa 13. Kalenda ya zamani ya Julius Caesar ilikuwa inaweka mwaka mrefu kila baada ya minne bila kukosa, ikawa inazidisha kama dakika 11 kwa mwaka. Dakika 11 unaweza kuona si kitu, ila ukihesabu toka mwaka 325, kanisa lilipokaa kupanga mambo ya Pasaka, mpaka 1582 zilishafika siku 10 na Pasaka ikawa inahama majira. Papa akaamua mambo mawili, miaka ya mwisho wa karne isiyogawanyika kwa 400 isiwe mirefu, na zile siku 10 zifutwe. Kwa hiyo Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku huo huo, ndo maana sikukuu yake ni 15 Oktoba, anaonekana kama alichukua siku 11 kufa wakati ni usiku mmoja tu. Waingereza walimgomea Papa mpaka 1752, Warusi mpaka 1918, na hiyo ndo sababu Mapinduzi yao ya Oktoba 1917 yalikuwa yanasherehekewa Novemba.

Ila bingwa wa hii ligi ni Sweden. Wao waliona kuruka siku zote kwa mpigo ni fujo, wakasema sisi twende taratibu, tutaziacha tu 29 Februari zote kuanzia 1700 mpaka 1740 na ikifika mwisho tutakuwa sawa na wenzetu bila mtu kushtuka. Ukikaa ukaufikiria huo mpango maana yake ni miaka 40 ambayo tarehe yako haifanani na ya mtu yeyote duniani, sijui nani alipitisha hilo wazo na hakuna aliyenyoosha mkono. Basi 1700 wakairuka vizuri. Ikaja vita kubwa na Urusi, 1704 wakasahau kuruka, 1708 wakasahau tena, wakabaki wamening'inia, siku moja mbele ya Warusi na siku 10 nyuma ya nchi za Katoliki. Mfalme Karl wa 12 akachoka, akasema turudini tulikotoka. Ili kurudi ilibidi waongeze siku moja, na 1712 tayari ulikuwa mwaka mrefu wenye 29 zake, ndo wakapata 30 Februari. Ilikuwa tarehe halali kabisa, Sweden na Finland iliyokuwa chini yao. Mwaka 1753 wakakubali yaishe, wakaruka siku 11 kwa mkupuo, kile kile walichokuwa wanakikimbia.

Sio mambo ya kale tu. Samoa mwaka 2011 walihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule wa kwenye ramani unaotenganisha leo na jana, ili waendane na Australia na New Zealand wanaofanya nao biashara, kwa hiyo Alhamisi tarehe 29 Desemba ikafuatiwa na Jumamosi tarehe 31. Na serikali ikaagiza wafanyakazi walipwe hiyo Ijumaa ambayo haikuwepo. Wenzangu wa payroll wa kule nawapa pole mpaka leo.

Pasaka nayo inafurahisha. Kanuni tunayoikariri ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, ila mwezi wenyewe sio ule wa angani, ni wa kwenye majedwali ya kanisa. 2019 vilitofautiana, kwa mwezi wa angani Pasaka ingekuwa 24 Machi, kwa majedwali ikawa 21 Aprili. Kwenye programu Pasaka ni rahisi, unaweza kuipata ya mwaka 3000 sasa hivi. Idd ndo inanikosesha usingizi, maana sheria inataka anayefanya kazi sikukuu alipwe mara mbili na tangazo la mwezi kuandama linatoka usiku, wakati zamu za kesho zilishapangwa. Na mwaka wa mwezi unapungukiwa siku kama 11, kwa hiyo 2030 tutaanza kufunga Ramadhani Januari halafu tena mwishoni mwa Desemba, mbili ndani ya mwaka mmoja.

Majirani zetu Ethiopia wana miezi 13, saa yao inaanza asubuhi kama yetu, na mwaka 2000 kwao uliingia Septemba 2007. Beyoncé alikwenda kupiga shoo Addis Ababa mwezi uliofuata katika shamrashamra hizo hizo za milenia, wakati sisi wengine tulishaisahau.

La mwisho linamhusu PSY, yule mwimbaji wa Korea Kusini, na wimbo wake wa Gangnam Style. Mwishoni mwa 2014 YouTube walitangaza wamebadilisha kihesabio chao cha watazamaji kwa sababu wimbo ule ulikuwa unapita kutazamwa mara 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 (zile 0 na 1 za kompyuta) kama biti moja imetengwa kuonyesha hasi au chanya. Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti hizo hizo, na sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata mashine ambayo haijarekebishwa itajiona iko Desemba 1901. Kwenye mishahara hatusubiri mpaka 2038, tarehe za kustaafu zimeshafika huko. Kama umezaliwa katikati ya 1979 na sistimu ya ofisini kwenu inaonyesha ulistaafu 1903, usisaini chochote, mpigie simu mtu wa IT kwanza.