Keki ya boga: adui ni maji

Keki ya boga iliyokolea viungo, ile inayojaa maduka ya mikate ya Marekani kuanzia Septemba hadi Novemba, ni nyepesi kuitengeneza kuliko keki ya siagi. Hupigi siagi na sukari. Unahitaji mabakuli mawili na mwiko tu. Ikiharibika, mara nyingi maji ya boga ndiyo yameiharibu.

Kama uko Marekani, achana na yale maboga makubwa ya kuchonga sura za Halloween: yana nyuzi, maji mengi na utamu haba. Tafuta boga dogo la kupikia, butternut (boga refu lenye ganda la kaki), au boga la kopo la gramu 425. Soma lebo vizuri, iwe ni boga tupu. Liko kopo jingine linalofanana nalo, limeshatiwa sukari na viungo kwa ajili ya pai, nalo litakuvurugia vipimo. (Boga la kopo la Libby's, linalosindikwa Morton, Illinois, ni aina ya Dickinson: ganda la kaki, ndugu wa butternut, wala si lile la mviringo la rangi ya chungwa.) Sokoni kwetu, chagua boga zito, kikonyo kimekauka, ganda gumu lisilokwaruzika kwa ukucha.

Usilichemshe, litazidi kunywa maji. Lipasue, toa mbegu na nyuzi, lilaze kifudifudi kwenye trei, uoke kwenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi 60, mpaka kisu kizame chenyewe. Kwangua nyama, iponde, kisha itie kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukoroge dakika 8 hadi 10. Ukipitisha mwiko, njia yake ibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Halafu weka kijiko kimoja kwenye sahani, subiri dakika 5: likitokea duara la maji pembeni, rudisha motoni. Hata boga la kopo mimi hulipitisha kikaangoni dakika 4 au 5, ile ladha ya kopo ipungue. Pima likishakauka na kupoa.

Kwa bati la mkate la sentimita 23 kwa 13: chekecha unga wa ngano gramu 220, beking soda kijiko 1 cha chai, beking poda nusu, chumvi nusu, mdalasini vijiko 2, tangawizi kavu 1, kungumanga ya kukwaruza papo hapo nusu, karafuu ya unga robo. Magadi ya kulainishia maharage hayafai hapa. Ni makali, keki itanuka sabuni.

Najua kwa mtu wa Pemba robo kijiko cha karafuu ni kama dhihaka. Lakini karafuu ina eugenoli, ile ile inayotia ganzi jino bovu, na keki ikilala ndiyo inazidi kukolea. Ukitaka harufu zaidi, ongeza iliki nusu kijiko.

Bakuli la pili: mayai 2, sukari ya kahawia gramu 220, mafuta mililita 120, boga gramu 240. Changanya hadi vilainike, mimina unga, koroga mpaka weupe upotee, kisha acha. Ukiendelea kukoroga, keki itakuwa ngumu na yenye vishimo virefu ndani.

Oka nyuzi 175, dakika 55 hadi 65. Kijiti kitoke na chembe kavu, si uji. Juu kukiwahi kuiva, funika kwa foili. Kupasuka juu ni kawaida. Katikati kukibonyea, umeitoa mapema, umefungua oveni kabla ya dakika 40, au soda imezidi. Ukikuta mstari mzito, mbichi chini, boga halikukauka.

Kwa jiko la mkaa, pasha sufuria kubwa kwanza, weka bati juu ya kigae au vijiwe ili lisiguse kitako cha sufuria, kisha makaa mengi juu ya mfuniko na machache sana chini. Wengi hufanya kinyume, wakaunguza kitako ndani bado kubichi.

Ipoe dakika 10 kwenye bati, kisha kwenye waya, na usiikate ikiwa moto. Ikifungwa vizuri hukaa siku 3. Kwenye joto la Mombasa au Dar, siku ya pili iingie friji. Boga lililobaki lihamishe kutoka kwenye kopo, likiwa jingi ligawe mafungu ya gramu 240, uligandishe. Likiyeyuka huachia maji, kwa hiyo lipitishe kikaangoni tena.