Kubadilishiwa Goti: Maswali Tunayoulizwa Mtwara na Lindi

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Mtwara. Wengi wanaokuja kwangu kwa ajili ya magoti ni watu wazima waliopalilia na kuokota korosho tangu udogoni, kuanzia Newala na Tandahimba mpaka Ruangwa. Daktari akimwambia mmoja wao kwamba goti limesagika na linahitaji kubadilishwa, huitikia "sawa" na kutoka. Maswali huyaleta baadaye, tukiwa kwenye mazoezi. Haya ndiyo yanayorudi kila wiki.

Goti linakatwa lote na kutupwa?

Hapana, bibi. Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza. Gegedu ikiisha, mfupa unasaga mfupa. Daktari anapara ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, kila upande kama milimita 8 hadi 10, anazivisha vifuniko vya chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu ili chuma kisikutane na chuma. Misuli, ngozi na kano za pembeni zinabaki zako mwenyewe. Kazi yote huchukua kama saa moja hadi mbili. Wengi hawalazwi usingizi kwa nusu kaputi. Huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu inakufa ganzi huku wanasikia watu wakizungumza.

Nitajuaje kwamba nimefika hatua hiyo?

Picha ya eksirei haiamui peke yake. Nimeona magoti mabaya sana kwenye picha na mwenyewe anatembea hadi sokoni bila shida. Angalia maisha yako: unaamshwa usiku na maumivu? Huwezi tena kwenda msibani kwa miguu? Umekwisha jaribu mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, mkongojo, na kupunguza uzito kama umezidi? Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua, kwa hiyo hata kilo 5 ni msaada mkubwa. Kama yote hayo umefanya na bado unateseka, basi ni wakati wa kuzungumza na daktari wa mifupa.

Ninachoomba ni kwamba usipitishe miaka ukinunua diklofenaki dukani na kumeza kila siku. Dawa hiyo huchubua tumbo, hupandisha presha na huumiza figo, na mwenye figo mbovu hata upasuaji wenyewe unakuwa mgumu kwake.

Nitaweza kuchuchumaa, kuswali, kukaa mkekani?

Swali hili liulize kabla ya kusaini fomu, maana daktari aliyezoea wagonjwa wa mjini huenda asilitaje.

Goti bandia hukunjika vizuri kiasi cha kukaa kwenye kiti, kupanda ngazi na kupanda basi. Kuchuchumaa kabisa kunadai goti likunjike zaidi ya pale ambapo magoti bandia mengi hufika. Kwa hiyo choo cha shimo cha kuchuchumaa kitakusumbua. Kabla hujaenda hospitali, tafuteni fundi awatengenezee kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kiwe imara kisiyumbe, na ukutani apigilie mti wa kushikia. Ni kazi ya siku moja na gharama yake ni ndogo. Usisubiri mpaka umerudi na magongo.

Kupiga magoti hakuliharibu goti lililokwisha pona, lakini wengi huona kunauma au wanahisi vibaya pale kovu linapogusa chini, na wapo wasioweza kabisa. Kwa Mwislamu, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali amekaa, na msikitini siku hizi viti vipo. Wazee wengine huona haya kukaa kwenye kiti mbele za watu, na hapo ningependa imamu na watoto wao wawatie moyo. Kanisani vivyo hivyo, hakuna atakayekulaumu usipopiga magoti.

Mkekani unaweza kushuka siku za mbele, ila kunyanyuka ndiyo kazi. Na mama anayekuna nazi amekaa juu ya mbuzi, aanze kuzoea kumpa mjukuu.

Hatari zake ni zipi? Niambie ukweli.

Ya kwanza ni vidudu kuingia kwenye goti. Hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Namba ni ndogo, lakini akipatwa huyo mmoja, ni mateso: vidudu hujificha kwenye chuma ambako dawa haifiki vizuri, na pengine inabidi afunguliwe tena, asafishwe, au goti litolewe kwa miezi na kuwekwa jingine.

Ya pili ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Bonge la damu likikatika likasafiri mpaka kwenye mapafu, linaweza kuua. Ndiyo maana hospitali hukusimamisha na kukutembeza siku hiyohiyo au kesho yake, ingawa mguu unauma, na kukuandikia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo imalize hata kama unajisikia mzima.

Ya tatu ni goti kukakamaa. Hii ndiyo ninayopambana nayo mimi. Mama mmoja alirudi nyumbani, ndugu wakamhurumia, wakamlaza na mto chini ya goti kwa sababu hivyo ndivyo alivyosikia nafuu. Baada ya wiki sita mguu haukunyooka. Mto usiwekwe chini ya goti kamwe. Kunja kanga, iweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe. Kisha kaa pembeni mwa kitanda na kuburuta unyayo nyuma taratibu, mara nyingi kwa siku. Inauma, ndiyo. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa nusu saa kabla, ufanye mazoezi.

Ya nne watu hawaitegemei: takriban mtu 1 kati ya 5 haridhiki sana baadaye, ama maumivu yamebaki, ama alitarajia goti la ujana. Ganzi upande wa nje wa kovu nayo ni kawaida, na pengine haiishi. Mishipa ya fahamu au ya damu kujeruhiwa, au mfupa kuvunjika, hutokea mara chache.

Nijiandae vipi?

Kisukari kishuke kwanza, maana sukari iliyo juu inakaribisha vidudu. Damu ipimwe, huku kwetu malaria na minyoo humaliza damu ya watu kimyakimya, na ni afadhali kutibu upungufu mapema kuliko kuongezewa damu mezani. Jino bovu ling'olewe au litibiwe. Kagua nyayo na katikati ya vidole: kidonda au fangasi hapo ni mlango. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla. Kama ulichomwa sindano ndani ya goti kutuliza maumivu, mwambie daktari, kwa kuwa inabidi ipite kama miezi 3 ndipo upasuliwe. Na usikubali kuchanjwa chale gotini wakati unasubiri tarehe. Najua wanaokuchanja wanakutakia mema, lakini mkato mmoja mchafu unaweza kuahirisha upasuaji mzima.

Dawa za mitishamba unazokunywa zitaje zote bila kuficha, kwani nyingine huzuia damu isigande na zinaweza kukufanya uvuje damu nyingi.

Huduma inapatikana wapi?

Anzia hospitali iliyo karibu: Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda, Nyangao, au Hospitali ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Waulize kama wanafanya au wanatoa rufaa. Wengi wetu huishia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kabla ya kusafiri, waulize watu wa bima yako kwa jina la upasuaji, na upate kwa maandishi kama gharama inajumuisha goti lenyewe, kitanda, dawa na mazoezi.

Barabara ni zaidi ya kilomita 550. Panga tarehe ya kliniki nje ya mvua kubwa ukiweza. Mei 2024 barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Wakati wa kurudi, usikae ndani ya basi saa zote mguu umening'inia. Omba kiti chenye nafasi, pampu vifundo vya miguu juu na chini, na kila basi likisimama ushuke utembee. Muulize daktari kama unaruhusiwa kusafiri siku hiyo.

Nikifika nyumbani, ndugu wanikande?

Msikande. Tumezoea kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto kama mzazi, na ni mapenzi hayo, lakini kwa goti jipya ni hatari. Maji ya moto yanaongeza uvimbe na kulowesha kidonda. Kukanda shavu la mguu kunaweza kulibandua bonge la damu lililoganda. Badala yake tumia barafu ya mfuko iliyozungushiwa kanga, dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Kidonda kibaki kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, bila mafuta wala majani.

Lini nikimbie hospitali?

Shavu la mguu likivimba, likawa gumu na kuuma. Kidonda kikitoa usaha, kikinuka, au goti likiwa jekundu na homa imepanda. Ukishindwa kupumua ghafla au kifua kikichoma, hata saa nane za usiku, usafiri utafutwe hapohapo. Tarehe ya kliniki isisubiriwe.

Litadumu miaka mingapi?

Nchi zinazoandika kumbukumbu ya kila goti, kama Australia na Finland, zimeonyesha kwamba karibu magoti 8 kati ya 10 bado yapo baada ya miaka 25. Kwa mwenye miaka 65 hilo huwa la maisha. Kwa mwenye 45, huenda akahitaji la pili, na la pili huwa gumu zaidi.

Shambani nitarudi lini?

Magongo au fremu ya kutembelea utaitumia kwa wiki nne hadi sita hivi, uvimbe huchukua miezi kadhaa, na nguvu huendelea kurudi hadi kufikia mwaka. Bodaboda iache kwanza. Anayefanyiwa Juni asihesabu kuinama chini ya mikorosho Oktoba. Msimu huo wa kwanza vijana waokote, yeye awekewe kiti kivulini achambue korosho, na kila nusu saa anyanyuke azunguke mti mmoja na kurudi.