Je, dawa za ADHD huzeesha uso?

Wengi wakisikia swali hili hukumbuka zile picha za nyuso zilizosinyaa, zenye macho yaliyotumbukia na vidonda mashavuni. Picha hizo hazihusiani na ADHD, ile hali ya kukosa umakini na utulivu. Zilipata umaarufu mwaka 2004, ofisi ya sherifu wa Multnomah, jimbo la Oregon nchini Marekani, ilipoanza kuonyesha sura za watu waliokamatwa wakiwa watumiaji wa methamfetamini, dawa ya kulevya ya mitaani. Ni kweli kwamba methamfetamini na amfetamini anayoandikiwa mgonjwa wa ADHD ni ndugu kikemia. Lakini vidonda vile vilitokana na kujikuna bila kukoma, kwa kuhisi wadudu wakitembea chini ya ngozi, na siku nyingi bila usingizi wala chakula. Kidonge cha hospitali kina dozi ndogo, na daktari huifuatilia.

Hata hivyo, wapo ambao uso wao hubadilika kweli, na njia yake huanzia tumboni. Ritalin, mojawapo ya dawa za ADHD, na dawa za jamii yake hupunguza hamu ya kula, hasa mchana. Mtu akila kidogo kwa miezi, mwili huchota mafuta yake, yakiwemo yale yanayojaza mashavu. Ngozi ni kama foronya: ukipunguza pamba ndani ya mto, kitambaa ni kilekile ila kinalegea na kufanya mikunjo. Kwa mtu mzima hilo huonekana zaidi, maana ngozi yake haijivuti upesi kama ya kijana. Kwa kijana tusiharakishe kuilaumu dawa, kwani balehe nayo hupunguza mashavu ya utotoni.

Mbali na uso, dawa hizi pia hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana baadhi ya watu vidole huwa baridi na kupauka.

Linalonishangaza zaidi ni la bandiko la Daytrana, linalopitisha methilfenideti, dawa ileile iliyomo kwenye Ritalin, kwenye ngozi ya nyonga. Mwaka 2015 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kwamba linaweza kuondoa rangi ya ngozi kwa kudumu, wakati mwingine hata mahali ambapo halikubandikwa. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huonekana waziwazi. Anayetumia bandiko hilo akiona baka jeupe jipya amwone daktari mapema. Anayepungua mashavu naye azungumze na daktari kabla ya kuacha dawa. Mara nyingi kifungua kinywa kizito kabla ya kidonge husaidia.