PDF ya Ramani Si Data

Wiki hii nimeambiwa tena, katika ofisi moja ya umma hapa Mwanza: "Data zetu ziko wazi, ramani tumeshaipandisha kwenye tovuti." Nikafungua. PDF, tena ya kuskani, na muhuri umekaa juu ya Ghuba ya Mwanza.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote. PDF kama hiyo ni picha tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sasa ukitaka kujua ni nyumba ngapi za Kirumba au Igombe zimo ndani ya mita hizo, picha haikujibu. Itabidi mtu akae siku nzima akiichora upya kwa macho, na makosa yake yaingie humo. Halmashauri inachora, mradi wa maji unachora, mwanafunzi wa chuo anachora. Ufukwe mmoja, mistari mitatu, na hakuna unaolingana na mwenzake! Na ziwa lenyewe halitulii: Mei 2020 maji yalipanda hadi kuifikia rekodi ya 1964 na kuipita kidogo. Ramani iliyoskaniwa kabla ya hapo inaendelea kusambaa kwenye simu za watu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huduma ya data ni kitu kingine. Data zinakaa mahali pamoja, kwenye seva ya anayezitunza, nawe unaiunganisha QGIS yako, yaani programu ya ramani kwenye kompyuta, na anwani yake. Kuna njia mbili za kuzitoa: WMS na WFS. WMS inakuletea picha iliyochorwa papo hapo. WFS inakuletea mipaka yenyewe na jedwali lake, kwa hiyo unapima, unahesabu, unachuja. Mtunzaji akirekebisha mpaka asubuhi, anayefungua mchana anaupata uliorekebishwa. Viwango hivi vya OGC, shirika la kimataifa la viwango vya data za ramani, si vigeni: WMS ni ya 2000, WFS ya 2002. GeoServer, programu ya kuvitolea, haina ada ya leseni. Sikubali kuambiwa kwamba tunasubiri bajeti ya programu.

Ofisini huwa naambiwa mengine pia. "Watu watatuharibia data." Hapana. Kusoma na kuandika ni ruhusa mbili; usipofungua ya kuandika, hakuna atakayeandika.

"Majina ya wenye viwanja yataanikwa." Unachagua tabaka za ramani na safu za jedwali za kutoa. Mipaka ya kata, barabara na visima vitoke. Majina na namba za simu vibaki ndani.

"Koodineti ni koodineti", yaani namba za kutaja mahali ni zilezile popote. Hapa huwa napandisha sauti. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu ziko kwenye mfumo wa koodineti wa Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichukua koodineti za Arc 1960 ukaziweka kwenye WGS 84 bila kuzibadilisha, kila kitu kinasogea takriban mita 300 kuelekea kaskazini, na kiwanja cha ufukwe unaotazama kaskazini kinaingia ziwani. Mita 300, na sisi tunabishania 60! Kila mfumo una namba yake ya utambulisho, namba ya EPSG. Kwa ukanda wetu wa UTM, mgawanyo wa dunia katika kanda za kupimia kwa mita, ya Arc 1960 ni 21036, ya WGS 84 ni 32736. Huduma iliyowekwa vizuri inaitaja namba hiyo yenyewe, na programu yako inafanya mageuzi. Kwenye picha iliyoskaniwa unabaki kukisia.

Kwa hiyo ukienda ofisini, usiombe ramani. Omba anwani ya WFS, tarehe data zilipokusanywa, na namba ya EPSG.