Vivimbe vya miiba ya mgunga si ugonjwa

Upo ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: ile mipira myeusi kwenye mgunga wa nyikani ni uvimbe ulioletwa na sumu ya sisimizi, na mti ukatwe kabla haujaambukiza mingine. Si kweli.

Mgunga huu, Vachellia drepanolobium kwa jina la kitaalamu, huvimbisha miiba yake wenyewe. Hata mche uliokuzwa mbali na sisimizi hutoa vivimbe. Ukitaka kuhakikisha, tafuta kivimbe kichanga kwenye tawi jipya: ni laini, kina rangi ya kijani au zambarau, na mara nyingi hakina tundu. Sisimizi huja baadaye, wakatoboa na kuhamia ndani. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti hupiga mluzi.

Mti huwapa sisimizi makao na utomvu mtamu kwenye majani, nao huwauma twiga na tembo wanaokuja kula. Huko Laikipia, Kenya, miti iliyozungushiwa uzio kwa miaka mingi, wanyama wakubwa wasiifikie, ilipunguza vivimbe na utomvu, kwani haikuhitaji tena walinzi wengi. Mti mgonjwa haupangi matumizi hivyo!

Mkanganyiko unaeleweka, kwani kwenye mimea mingine vivimbe husababishwa kweli na wadudu. Ila tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kujaa maji masika, miti mingi hushindwa. Mgunga huu hustawi, na mara nyingi ndio karibu mti pekee uliopo.