Widal "positif" kwenye rejista si tifoide

Tena. TFC nyingine (kazi ya kumaliza masomo), kichwa kile kile: "Kiwango cha homa ya tifoide katika eneo la afya" fulani, Kadutu au Bagira za hapa Bukavu, jaza mwenyewe. Na njia ni ile ile. Mwanafunzi anafungua rejista ya labo, anahesabu Widal (kipimo cha kutafuta kingamwili za tifoide kwenye damu) zilizoandikwa "positif", anagawanya kwa Widal zote zilizofanywa, anapata asilimia. Hapo hajapima tifoide. Amepima kituo kinapenda kuandika Widal kiasi gani, na laborante anasomaje slaidi.

Tuanze na hiyo slaidi. Seramu inawekwa mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, kila moja na tone la antijeni, O (ya mwili wa kijidudu) kisha H (ya mikia yake). Ndiyo titri, yaani seramu imezimuliwa kiasi gani, 1/20 mpaka 1/320. Unachanganya, unazungusha dakika moja, unasoma palepale. Foleni ikiwa ndefu, slaidi inaachwa mezani, laborante anakimbilia gute epesi ya malaria, anaporudi matone yamekauka pembeni na kila duara linaonekana limegandamana, yaani chanya. Kituo kingine kinaweka tone moja tu la seramu, kikiona chembe kinaandika "++". Plasi mbili za nini? Titri iko wapi? Chupa za kontroli, chanya na hasi, zimelala ndani ya frigo tangu kisanduku kifunguliwe, na umeme wa Bukavu mnaujua.

Haya, tuseme slaidi imesomwa vizuri. Kingamwili za O huanza kuonekana karibu siku ya 6 mpaka ya 8 ya ugonjwa, za H siku ya 10 mpaka ya 12. Kwa hiyo Widal hasi ya mtu aliyeanza homa juzi haisemi kitu. Upande wa pili, H inaweza kubaki juu miezi, hata miaka, baada ya kupona au baada ya chanjo. Salmonella Enteritidis ina antijeni O9 na O12 sawasawa na Typhi, kijidudu cha tifoide. Malaria nayo inaweza kupandisha titri, na huku kwetu nani hajaugua malaria? Ndiyo asili ya ile "tifoide isiyotoka mu damu", mama anamaliza dawa, anarudi kulipa Widal ya kuhakikisha, inatoka chanya, anaandikiwa dawa tena. Wabebaji wa kudumu wapo, ni kweli, vijidudu vikijificha kwenye mfuko wa nyongo. Lakini kwa kawaida hao hawana homa, na Widal ya slaidi si kipimo cha kuwatafuta.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo uvumilivu unaniishia. Chukua wagonjwa 1,000 wa homa. Tuseme 50 wana tifoide kweli, Widal inakamata 70 kwa mia ya hao, na inasema uongo kwa 20 kwa mia ya wasio nayo. Namba ni za mfano, badilisha unavyotaka. Wa kweli waliokamatwa ni 35. Wa uongo ni 190. Rejista itaonyesha chanya 225, na kati ya hao mgonjwa wa kweli ni karibu mmoja kwa sita. Mwanafunzi ataandika 22.5% pale ambapo ukweli ni 5%. Na bado tumemsaidia, tumempima kila mwenye homa. Kwenye rejista halisi yumo tu aliyeandikiwa kipimo na akapata franga za kulipa.

"Basi tuoteshe vijidudu kutoka kwenye damu, dokta." Sawa. Mililita 8 mpaka 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibiotiki, kwa sababu ndani ya mililita moja kijidudu kinaweza kuwa kimoja au kisiwemo. Hata hivyo utakosa karibu wagonjwa 4 kwa 10. Maana yake kile tunachokiita kipimo cha rejea chenyewe kinavuja, na masomo yote ya kulinganisha Widal nacho yanabeba tundu hilo. Darasani hawalipigii kelele.

Na ile 1/160, mpaka wa kuita Widal chanya, inayoandikwa kama amri? Inanakiliwa kutoka karatasi ya kisanduku. Mpaka unatakiwa kutoka kwa watu wa hapa: watu wazima 200 wasio na homa, wasiochanjwa, seramu zao zipunguzwe mpaka mgando upotee, kisha utafute titri inayopitwa na 5% tu kati yao. Kazi hiyo inachosha, haina kichwa cha kupendeza, ningeisimamia kesho.

Nikiwa kituoni, mtu wa siku ya tisa ya homa, TDR (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, tumbo linauma, titri ya O 1/320, nitampa dawa. Sidai nina uhakika. Nitaandika "inashukiwa", na kwenye ripoti ya mwezi ya SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ibaki hivyo hivyo.

Mwenye TFC asitupe data zake. Abadilishe kichwa: "Matumizi ya Widal kwa wagonjwa wa homa". Arudi kwenye fishi za wagonjwa, kwa kila mgonjwa wa homa, hata yule ambaye hakupimwa, atafute siku ngapi za homa, joto la kwapani, jibu la TDR, titri kwa namba, na antibiotiki aliyokunywa kabla ya kufika. Amoksilini mbili za dukani nazo zinahesabika.